Upande wa Pili wa Shuka

Jumatatu, 26 Januari
Shuka mia na kitu leo. Nimekunja peke yangu tena. Tuko wanawake kumi na mmoja kwenye chumba cha kufulia hapa hospitalini, jozi tano na mimi. Shuka la wodini linataka watu wawili, mmoja kila upande. Mimi nalibana kwa kidevu, kama nilivyozoea kwenye gesti ya shangazi kule Dongobesh. Vyumba sita tu. Nilikuwa mfuaji, mpokea wageni na mshika funguo. Hapa Haydom ni wiki ya kumi na moja na bado naitwa yule wa Dongobesh. Shingo inauma.

Saa nne, chai. Nilitoka nje kuzunguka kamba za kuanikia. Nimefunga. Nalipa siku saba za Ramadhani iliyopita, Jumatatu na Alhamisi, na nyingine imeshakaribia. Kila mwaka najiahidi kulipa mapema. Uongo mtupu.

Alhamisi, 29 Januari
Funga ya pili. Chai ya Jumatatu na Alhamisi hupikwa na Mama Paulina, mkubwa wetu kwa umri. Maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, tangawizi kali. Leo alinimiminia kabla sijatoroka. Nikasema asante mama, sijisikii vizuri. Jibu la kijinga. Lakini kusema nalipa siku ni kusema zilinipita kwa nini, na fundi wa mashine, mwanamume mzima, alikuwa ameegemea mlango akisubiri kikombe chake.

Jumanne, 3 Februari
Chai kapika mwingine. Nilikunywa vikombe viwili. Nimejiharibia mwenyewe. Wakatazamana. Mama Paulina akaweka chini kikombe chake bila kumaliza.

Alhamisi, 5 Februari
Wanadhani sijui Kiiraqw, lugha yao. Hakuna aliyeuliza. Babu alihamia Dongobesh kuuza kanga na chumvi, wateja wake Wairaqw watupu. Mimi nimecheza na kutukanana kwa Kiiraqw kabla sijaanza shule.

Leo wamesema, mimi nikiwa hatua tatu tu kutoka walipo, kwamba nakataa chai ya Paulina kwa sababu anafuga nguruwe. Eti naona vyombo vyake najisi. Yeye alikuwa anapangusa sinia, sinia ambalo lilikuwa safi.

Shuka moja nimelikunja mara tatu. Nimewachukia wote. Halafu nikajichukia mimi.

Jumatatu, 9 Februari
Mama Tluway, msimamizi wetu, ameniita stoo. Miezi mitatu ya majaribio inaisha wiki ijayo. Kazi yangu haina kasoro, anasema. Ila fomu ina sehemu ya kuelewana na wenzako.

"Zuhura mwanangu, hapo niandike nini?"

Gesti ya shangazi imeshauzwa. Sina pa kurudi. Nimefika nyumbani nikazunguka chumba hadi mama mwenye nyumba akagonga kuuliza kama nina mgeni.

Jumatano, 11 Februari
Sijalala. Nimepanga cha kusema. Sijasema.

Alhamisi, 12 Februari
Nimesema, wala si nilichopanga.

Mama Paulina alipita na sinia. Alinipita kama vile sipo. Mmoja akatania kwa Kiiraqw kwamba afadhali, leo chai itatosha. Wakacheka. Nikaangusha shuka chini, nikawajibu kwa Kiiraqw hichohicho. Nikasema nguruwe wako sijawahi hata kuwaona, mama. Nimefunga. Nalipa siku saba nilizokula Ramadhani, na mwanamke yeyote hapa anajua kwa nini nilizila. Imebaki moja.

Fundi alikuwepo mlangoni. Na ajue.

Nikaona mmoja mmoja anavyokumbuka yote aliyowahi kuyasema mbele yangu tangu Novemba. Hapo nusura nicheke.

Mama Paulina akatua sinia.

"Ungesema," akaniambia. "Ningebadilisha zamu, nikapika Jumanne."

Hakuomba radhi. Na mimi sikuomba.

Jumatatu, 16 Februari
Ya saba. Nimemaliza. Mama Paulina hakunimiminia. Wakati wa kutoka akanikabidhi chupa ya chai, imefungwa kwenye kitenge, akaniambia kesho nirudishe chupa na kitenge pia. Nimefuturu nayo. Ilikuwa bado ya moto. Tangawizi imezidi. Nimelia kidogo, sijui kwa nini.

Fomu bado. Mama Tluway amepita mara mbili, hakunitazama.

Jumatano, 18 Februari
Nimetia sahihi fomu asubuhi. Mama Tluway ameandika: anaelewana na wenzake, ila ajifunze kusema mapema. Nabaki.

Mama Paulina alikuja kutoka misani na majivu kwenye paji la uso. Kwaresima imeanza. Saa nne wenzetu wakaenda kwenye chai. Yeye hakwenda, kuanzia leo naye anafunga. Nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili, kwa kukosa la kusema. Akaitikia. Kisha akashika upande wa pili wa shuka langu.

Anavuta kwa nguvu, karibu aninyang'anye. Mwezi ukionekana leo, kesho naanza Ramadhani, na saa nne tutakuwa wawili tena.

Tumekunja arobaini kabla wenzetu hawajarudi. Shingo haiumi.