Bolti Hazikazwi Gari Likiwa Juu ya Jeki

Mjukuu wangu Mafabi,

Wewe ni mvivu, na sasa uvivu wako unataka kuuza gari la babu yako. Umenipigia mimi bibi yako simu kutoka Kampala unasema, "Jaja, hilo gari limechoka. Nimepata mtu, Jumamosi anakuja kulichukua akalikate vyuma." Gari halijachoka. Ni wewe uliyelivunja miguu.

Unakumbuka babu yako akibadilisha springi hapa uani Walukuba? Mwanajeshi yule, hata nati alizipa amri. Akimaliza kupachika, bolti anaziacha zimelegea, anashusha jeki, halafu anaita, "Familia, panda!" Tunapanda sote, na gari haliendi popote. Mimi kiti cha mbele, shangazi yako Nambozo nyuma yangu, wewe kule nyuma kabisa dirishani, unatafuna muwa. Yeye yuko chini na spana. Majirani wanacheka, "Afande, leo safari ya wapi?" Anajibu kutoka chini ya gari, "Safari ya kukaa."

Ukamwuliza mbona asikaze gari likiwa juu, penye nafasi. Akakuambia, "Bushi ya springi ni mpira. Ukiikaza gari likiwa juu, siku tukikaa inajisokota mpaka ichanike. Ikazwe gari likiwa limebeba watu wake." Mimi sikumaliza darasa la tatu, nilisikia. Wewe mwenye cheti cha ufundi hukusikia.

Mwaka jana ukaja na springi nene za lori, kwa sababu zilikuwa rahisi, na ulitaka gari lisimame juu vijana wa mtaa wa Kimaka walitazame. Ukakaza kila kitu juu ya jeki. Nilikuambia tupande kwanza. Ukasema, "Jaja, mambo ya zamani hayo," ukanawa mikono, ukakimbilia basi. Tulipokwenda Mbale, mgongo wangu ulisalimiana na kila jiwe la njia ya mlima Wanale. Mwezi haukuisha, bushi zikachanika, gari likawa linagonga chini kama mgeni aliyefungiwa nje.

Sikukaa kulia. Nilimwita Fundi Sula. Springi zako za lori tumezitoa, tumerudisha zile za babu yako, maana sikuzitupa, zilikuwa chini ya kitanda changu. Fundi amezipinda upya na kuongeza jani moja tu la chuma la kusaidia mzigo. Bushi amezichonga kutoka mpira wa mkanda wa mashine ya kiwandani. Shokamzoba tu ndizo mpya.

Naye alitaka kukaza juu ya jeki. Nikamwambia, "Shusha."

"Mama, ufundi ulisomea wapi?"

"Kiti cha mbele," nikamjibu.

Akashusha. Tukapanda: mimi, Nambozo, watoto wake. Mahali pako pakabaki wazi. Nambozo akasema tuache hivyo, mtu mmoja si kitu. Nikakataa. Tukaweka gunia la mahindi. Gunia halili muwa na halina cheti, lakini lilitulia mpaka kazi ikaisha.

Jana tulipanda Wanale, Nambozo kwenye usukani. Kwenye ile kona ya mawe nilishika mlango nikangoja kugonga. Gari likainama kidogo, likainuka, likapita. Nikasikia Nambozo anashusha pumzi, basi. Tulifika mpaka penye kaburi la babu yako, nikamwambia gari lake lipo na linatembea. Sasa wewe unataka nirudi nimwambie nini? Mimi siendi kumdanganya mume wangu.

Nimekukasirikia kwa sababu hukuja kuona ulichoharibu. Kuharibu si kosa kubwa. Babu yako naye aliharibu vingi. Lakini yeye alirudi chini ya gari.

Mpigie mtu wako leo, mwambie asije. Jumamosi hiyo hiyo upande basi uje wewe. Toa gunia kwenye kiti chako, ukae, Sula alegeze bolti azikaze upya na wewe ukiwa ndani.

Jaja yako, wa kiti cha mbele