Kitambaa na Mwenzake

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza wewe, halafu goti lako la kulia. Katika barua yako uliandika kwamba limeanza kukugomea kwenye ngazi, kisha ukageuza maneno ukanisimulia ugomvi wa majirani, kama kawaida yako ukiwa unaumwa. Nijibu la goti kabla ya la majirani. Mimi huku ni mzima. Ya karibu nayaona kwa miwani na ya mbali nayakisia, meno yanazidi kuniaga, lakini sindano bado naitunga uzi mwenyewe bila kuomba msaada, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, ninashinda wapi tangu karakana ya kujalidi vitabu ilipofungwa. La pili ni la shuka ya mama, ambayo unataka niitume kabla mjukuu wako hajajifungua. Nitaanza na la kwanza. Vumilia, maana jibu la pili limo ndani yake.

Ninashona vitambaa vya watoto njiti. Cheka umalize, halafu uendelee kusoma.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na chumba changu, kuna hospitali, na nyuma ya dobi la hospitali, panapofuliwa mashuka, kuna chumba kimoja walichoazimwa watu wachache wenye shirika dogo la hisani. Anayeliongoza ni mkunga mstaafu tunayemwita Bi Mkubwa, ingawa ni mdogo kwangu. Yupo Dereva na gari lake lenye mlango mmoja usiofunguka, wapo kina mama wanaokuja kwa zamu, nami nipo. Kazi yao ni kuwasaidia watoto waliozaliwa kabla ya wakati, pamoja na wazazi wao. Mama aliyetoka mbali hupewa kitanda cha kulala ili asirudi kwao na kumwacha mwanawe. Asiye na nauli hufuatwa na Dereva. Wodi ikiishiwa kofia au soksi, sisi hushona. Ni kazi ya kuziba nyufa tu, si ya kujenga ukuta.

Niliingia kwa mlango wa vitabu. Bi Mkubwa aliniletea kitabu chake cha zamani cha ukunga ambacho kurasa zake zilikuwa zimeachana. Nilipomrudishia, hakutazama jalada, alitazama mishono. Akauliza kama vidole hivyo vinaweza kushona kofia ya kichwa kinacholingana na chungwa. Nilimwambia mimi nimezoea vitabu, na kitabu hutulia mkononi. Akanijibu kwamba hawa nao hutulia, tena mno, na hilo ndilo linalowatia watu hofu.

Kofia zangu za kwanza zilirudishwa. Nilikuwa nimezishona kama ninavyoshona mgongo wa kitabu, ziishi miaka mia. Sista anayesimamia wodi alizipeleka kwenye mwanga, akagusa pindo, akatuma ujumbe kwamba mshono ule utamchora mtoto ngozi, na akauliza kama mtoto mwenyewe anapelekwa kulazwa wodini au maktaba. Kina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo jina langu ni Babu Jalada.

Sasa nikueleze vitambaa, maana ndivyo vilivyoniponza. Mtoto njiti hulazwa ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, na mara nyingi mama hawezi kumpakata. Basi hutengenezwa vitambaa viwili vya mraba, vinavyolingana na kiganja. Kimoja mama hukiweka kifuani, ndani ya nguo, na kingine hulala karibu na pua ya mtoto. Kila siku hubadilishana. Mtoto hupata harufu ya mama, na mama hupata harufu ya mtoto, ambayo huyasaidia maziwa kushuka. Bi Mkubwa husema kitambaa bila mwenzake ni tambara tu.

Kulikuwa na mtoto mmoja ambaye wodini walimwita Punje. Mama yake, binti mdogo tu, alipandwa na presha kabla ya siku zake, akapasuliwa akiwa hana fahamu. Mtoto aliletwa huku, kwenye mashine. Mama akabaki katika hospitali ya upande wa pili wa mji, waliko madaktari wake, chini ya amri ya kutoinuka kitandani. Mumewe alifanya kazi mbali na alikuja siku za mapumziko tu. Kati ya mama na mwana alikuwepo Dereva, akipeleka kitambaa na kurudi na maziwa katika chupa ndogo. Maziwa hayo yalikuwa machache, lakini Sista aliyapokea kama anayepokea dawa, kwa sababu tumbo la Punje lilikuwa limekataa kila kingine.

Siku moja gari lilipata pancha mbele ya dobi. Dereva akaniwekea mezani mkoba wenye vitambaa vyote viwili, cha mama alichotoka nacho, ambacho wodi ilikuwa haijakipokea, na cha mtoto alichokuwa anakipeleka, akaenda kuhangaika na gurudumu. Mimi nilikuwa mshonaji tu, Dada, sikuwahi kuvisindikiza. Nikaufungua mkoba. Nikaona vitambaa viwili vyenye madoa ya manjano, vikinuka maziwa yaliyochacha. Unajua nilivyolelewa na karakana, kwamba kitu hakitoki mikononi mwangu kikiwa kichafu. Nikachemsha maji, nikavifua kwa sabuni, nikavipiga pasi mpaka vikakauka, nikavikunja kama karatasi mpya, nikavirudisha mkobani. Dereva alirudi akiwa na grisi mpaka viwikoni, akashukuru kwa kumtunzia, akaondoka.

Kitambaa kilimfikia yule binti. Alikipeleka puani, akakirudisha mkononi mwa Dereva, akasema hiki kinanukia sabuni, si mwanangu. Akageukia ukutani. Siku hiyo hakukamua maziwa, na siku iliyofuata hakukamua. Dereva alirudi na chupa tupu.

Bi Mkubwa alipopata habari nzima hakupandisha sauti. Aliniambia tu kwamba nimemfua mama wa watu, nikampiga pasi pamoja na mwanawe. Kina mama siku hiyo hawakucheka. Sista alieleza kwamba maziwa yasipokamuliwa hukauka, na yakikauka Punje hana kimbilio. Nikaambiwa nipande gari nikaombe radhi mwenyewe.

Nilimkuta amelala chali, nywele hazijachanwa, mashine ya presha imembana mkono. Nilipojitambulisha aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama na mimi Babu nimekuja kumhadithia. Nikamuuliza kumhadithia nini. Akasema alilala akiwa na tumbo, akaamka hana, na tangu hapo kila anayeingia anamletea hadithi: leo amefumbua jicho, leo ameshika kidole cha muuguzi. Dereva alimwonyesha picha kwenye simu, akaona kofia, mipira na plasta. Alisema chini ya kofia ile angeweza kuwa mtoto wa yeyote. Huenda wake alikwisha kufa na watu wanasubiri presha ishuke ndipo wamwambie. Kitambaa peke yake ndicho kilichokuwa hakimhadithii. Kilinuka tu. Na mimi nimekifua.

Niliomba radhi. Akasema amenisamehe, kwa sauti ya mtu anayetaka mgeni aondoke.

Dada, nilimwelewa kuliko nilivyopenda. Wewe unaniandikia kwamba ukuta wa uani ulianguka, kisha umejengwa. Unaniandikia fulani amezaliwa, fulani amezikwa. Ninasoma, ninatikisa kichwa, ninaweka kwenye sanduku. Sina sababu ya kukushuku. Lakini tangu niondoke, kwetu, kwangu mimi, ni kitu ninachohadithiwa.

Nilirudi kwa Bi Mkubwa kutafuta vitambaa vingine, maana vile vya kwanza Sista aliona pasi yangu imevikausha vikakakamaa, akavikataa. Kabati lilikuwa na vitambaa vipya tu vya msaada, vyenye ukavu wa dukani, navyo ngozi ya njiti haivitaki. Inayofaa ni pamba kuukuu, iliyofuliwa na kuvaliwa miaka mingi mpaka ikasahau kwamba iliwahi kuwa mpya. Nilikuwa najua ilipo.

Siku niliyoondoka ulinivisha shuka ya mama mabegani, ukaniambia nikaitunze, nitairudisha. Niliitunza. Sikuifua hata mara moja. Niliifunga ndani ya nailoni, juu ya kabati, kwa kuwa niliamini mama bado yumo. Wakati wa shida nilikuwa naigusa nailoni kwa nje na kuridhika. Alasiri ile niliishusha, nikaifungua, nikaweka uso wangu ndani. Dada, ilinuka vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Nilitafuta kwenye mikunjo yote, kwenye pindo, kwenye ile kona aliyokuwa akifungia funguo. Hamkuwa na mtu. Nilikuwa nimelinda kabati.

Kisha nikachemsha maji, nikaifua, nikaianua ingali na joto la jua, nikachukua mkasi wa karakana na kuikata. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Shuka unayoitaka haipo tena.

Sikuipiga pasi, na vipande vyake sikuvipinda. Sista alivigusa, akanitazama, akavipitisha. Kimoja kililala na Punje, na asubuhi Dereva akakipeleka kama kilivyo, amekishika kwa ncha za vidole kama yai. Yule binti alikipokea bila kutarajia kitu. Dereva anasema alinusa, akakunja uso kwa maziwa yaliyochacha, akanusa tena, halafu akaomba pampu. Nilipokisifia kitambaa mbele ya Sista, akanikatiza. Alisema presha ilikuwa imeanza kushuka, dawa zimefanya kazi, na Babu asijifanye mtume, kwa sababu wodi yake haina nafasi ya miujiza, ina upungufu wa vitanda. Pengine ni kweli. Ninakuandikia nilichoona.

Juzi yule binti aliruhusiwa kuja, kwenye kiti cha magurudumu. Wakamtoa Punje kwenye kioo, na mipira yake yote, wakamlaza kifuani mwake. Sote tuliokuwa mlangoni tulidhani atamtazama uso. Hakumtazama. Alifumba macho, akashusha pua kwenye ile kofia, akakaa hivyo. Kisha akasema, ndiye. Bi Mkubwa akatufukuza mlangoni, akisema kwani hatuna kazi.

Punje bado ni mdogo na Sista hatoi ahadi. Kwa hiyo nami sikupi.

Najua ulivyotaka. Ulitaka mtoto wa mjukuu wako apokelewe kwa shuka ya mama kama tulivyopokelewa sisi. Utanikasirikia, na una haki, wewe ndiye mkubwa na shuka ulinipa ya kutunza, si ya kukata. Neno langu la kujitetea ni moja. Vipande vyake viko wodini, vinazunguka kati ya akina mama na watoto wao, na ile kona ya funguo iko kwa Punje. Shuka ya mama inapokea watoto hivi sasa, wengi kuliko tuliowahi kuzaliwa nyumbani kwetu.

Humu ndani nimekuwekea viwili nilivyovibakiza. Kilichokunjwa nimekivaa kifuani siku zote hizi nilizokuwa nikikuandikia. Kinanuka mzee, uzi na moshi wa jiko langu, naomba unistahi. Ukifungue ukiwa umekaa, kwa ajili ya goti. Kile kingine ni mwenzake. Ukivae wewe, upike nacho, ugombane nacho na majirani, ulale nacho, halafu unirudishie. Ningependa mara moja, kabla ya mmoja wetu kumwacha mwenzake, nisihadithiwe.

Nisalimie waliopo na walioongezeka. Mwambie mjukuu wako namwombea ajifungue salama, na kofia ya mtoto iko njiani, haina mshono wa maktaba. Nasubiri hasira zako kwa heshima zote.

Ni mimi mdogo wako, uliyekuwa ukiniita Chiriku kwa kuwa nilikuwa siongei.

Nilikuwa nasahau: usikifue.