Kasuku wa Shamba la Mama

Kambi ya mkonge, Korogwe
23 Juni 1974, mwezi wa kumi tangu nitoke nyumbani

Dada Chausiku,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo, na vidole vilivyochomwa na mkonge. Watoto hawajambo? Na mama huko juu?

Barua hii nimempa Mbwana wa lori mkononi, isipite ofisi ya kijiji. Hapa amefika Mzungu mmoja na mkalimani wake, Bernardo, mtu wa Tanga. Mwezi wa nane wanataka kupanda msitu wetu kuwatazama kasuku wa porini, eti ni adimu. Kuwatazama tu. Wamesikia natoka huko, wanataka niwaongoze.

Dada, nani hutoka Ulaya kumtazama ndege mwizi wa mahindi? Na unajua kasuku wako wapi msimu huu. Wako juu ya shamba la mama. Wakifuatwa kasuku, mama ameonekana, naye alikataa kuhamia kijiji cha ujamaa pamoja nanyi. Watu wa serikali watamchomea kibanda kama walivyomfanyia mzee Habakuki. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Sadala

Kijijini, Handeni
7 Julai 1974

Mdogo wangu Sadala,

Marahaba. Tu wazima, ila kitinda mimba anakohoa.

Nilipanda kwa mama na chumvi, nikamweleza. Akacheka. "Huyo Mzungu aje na debe lake, anisaidie kuwafukuza. Mimi mikono imechoka."

Nikamwambia, "Mama, shuka."

"Nikishuka leo nimewalimia kasuku. Mahindi yakikauka nitavuna, ndipo tuongee."

Katibu wa kijiji naye ameniuliza mama anaishi kwa nani. Nimesema yuko kwako Korogwe, usije ukasema vingine. Huyo Mzungu mpime kwanza. Mwambie kasuku wako milima ya Lutindi, mbali na kwetu.

Dada yako,
Chausiku

Korogwe
24 Julai 1974

Dada,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua?

Nilimpima. Alikwenda Lutindi, akarudi na matope na kupe, hajaona kasuku hata mmoja, na bado akanishukuru kwa ndege wengine aliowaona. Akatuigizia wanavyolia, wakata mkonge wakacheka mpaka wakaweka visu chini. Huyo ni mwehu wa ndege kweli.

Shaka yangu ni Bernardo. Yeye hakwenda, alisema tumbo. Alinifuata kwenye mkonge, akanipa sigara.

"Kaka, kijiji chenu kiko bondeni. Hao kasuku wanakula mahindi ya nani mlimani?"

"Wanakula matunda ya mwitu."

"Na mama mzima?"

"Mzima, yuko hapa kambini."

"Mbona hatujamsalimia?"

Akacheka, nami nikacheka, kila mmoja akimtazama mwenzake machoni.

Watakuja huko tarehe saba Agosti, hata nisipowaongoza. Nyapara nimemwambia nina msiba, amenipa ruhusa. Nitavuna shamba lote, hata mabichi, na kibanda nitakibomoa kwa mikono yangu. Mama atanitukana. Na anitukane, ilimradi yuko kwako. Usimwambie, maana akijua atahamia juu zaidi.

Nitapanda lori la Mbwana mpaka Handeni mjini, kisha miguu. Nitegemee Ijumaa, tarehe 2 Agosti, jioni.

Mdogo wako,
Sadala