Selotepu Yako, Kaka

Kaka mkubwa,

Sisi wazima, ila mimi nimefura. Ile kadi ya kuunganishia diski uliyotuma, badala ya ile iliyoungua, nimehangaika nayo siku tatu kwenye kompyuta ya marehemu baba. Feni inazunguka, taa inawaka, lakini diski alizorekodia sauti yake hazionekani. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha tundu. Wapi! Na wewe kwenye simu, mama akisikia: "Huyo shule ilimshinda, ataweza kompyuta? Ameshaiua!" Mama akalia. Akaniambia niache, nisije nikamfuta baba.

Basi jana fundi huyu asiye na cheti, yaani mimi, aliing'oa kadi, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Kwenye yale meno ya dhahabu yanayoingia tunduni nikakuta nini? Selotepu! Nyembamba, imenyooka kama imepigwa pasi. Mtu anayebandika selotepu hata kwenye kiberiti akisafiri namjua mmoja tu duniani, na ana digrii. Eti isichubuke njiani! Nikaibandua, nikasugua kwa kifutio, nikawasha. Diski zote mbili hizo hapo.

Mama anasikiliza tangu asubuhi. Kwenye rekodi ya mwisho baba anakohoa, halafu anauliza, "Mkubwa amesema anakuja lini?" Mama akanitazama mimi. Mimi! Mimi niliyekuwepo, niliyemzika. Hilo swali sikujibii, kaka. Njoo ulijibu mwenyewe.

Selotepu yako nimeibandika hapa chini, uione.

Mdogo wako,
Fundi Mkuu