Mafuta Niliyopaka Miguuni

Machakos, kwa Senge

Mama yangu,

Chamgei. Natumaini barua imekukuta umeketi, kikombe cha chai kiko karibu, na lile goti halikusumbui kama juma nililoondoka. Baba anaendeleaje na kifua? Ndama ameacha kunyonya? Mimi ni mzima. Huku jua linawaka mpaka natamani mvua yetu ya Boito ya saa nane, ile inayotukimbiza kutoka kwa majani chai na vikapu bado viko mgongoni.

Utauliza kwa nini naandika na simu iko. Mama, kwa simu maneno hunitoroka. Unasema "uko?" mara tatu, na mimi natingisha kichwa kama mtu anayeonekana. Na nimeandika Kiswahili, si Kipsigis, kwa sababu macho yako yamekataa maandishi, na anayekusomea ni Wifi Kemunto, ambaye Kipsigis bado hajui kukisoma. Kwa hivyo kabla sijaendelea: Wifi, nakuomba usiruke mahali. Najua kuna pahali utataka kuruka.

Senge ni shangazi mkali kwa kazi yake ya kuoka keki; hajaniruhusu kukoroga unga. Tangu nifike kazi yangu ni kupaka tini mafuta. Nilidhani ni kazi ya mtoto, kumbe. Unapaka nyembamba, unaingiza brashi kwa pembe zote, halafu unanyunyiza unga kidogo na kugongagonga tini mpaka ushike kila mahali. Tini za brauni, zile keki nyeusi za chokoleti, unanyunyizia kakao, kwa sababu unga huacha madoa meupe. Kisha Senge anaipeleka kila tini dirishani na kuigeuzageuza kwa mwanga kama anayetafuta chawa.

Juma lililopita niliharakisha, nikasahau pembe. Brauni zikashika. Zilitoka vipandevipande. Senge akatuangalia, mimi na Mwende, msichana tunayefanya naye kazi, akasema, "Keki ikishika simuulizi aliyeoka. Namuuliza aliyepaka. Ni nani?"

Mwende alikuwa anaosha vyombo, hana habari. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni mimi, Senge."

"Haya. Chukua kijiko ukwangue. Na hayo makombo yasitupwe, tutakunywa nayo chai."

Basi. Ikaisha hapo. Mwende alinitania tu, "Wewe Chepkirui, pembe ziliogopa kukusalimia?" Tukacheka, tukala makombo. Lakini mimi, Mama, ndipo nilipojua kwamba kusema kweli kulikuwa rahisi hivyo, na mwaka jana sikusema.

Unakumbuka koito ya Dada Chelangat, wakati watu wa upande wa mume walikuja kwetu kuzungumza mahari. Wifi alikuwa ameolewa na Kaka miezi michache tu, na wewe ulimpa kazi ya kuoka keki ya wageni, kwa ile sufuria kubwa, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Aliniita akasema, "Chep, nipakie sufuria mafuta, usibakishe mahali." Akaenda kupepeta unga.

Mafuta ya kupikia yalikuwa yamebaki kidogo tu kwenye mkebe. Na kati ya wageni kulikuwa na kijana mmoja tuliyesoma naye Form Three. Miguu yangu ilikuwa imepauka kwa vumbi na mafuta ya kujipaka yalikuwa yameisha. Mama, niliyachukua yote nikajipaka miguuni. Mpaka kwa magoti. Halafu nikaengua malai kwenye maziwa ya asubuhi nikapangusa nayo sufuria ili ing'ae. Sasa najua malai huungua na kushika kama gundi. Siku hiyo nilijua tu kwamba inang'aa.

Wifi akauliza, "Umepaka?"

"Nimepaka."

Keki ilipoiva, ulimwita Wifi aigeuze mbele ya wageni. Nusu ikaanguka kwa trei, nusu ikabaki sufuriani. Yule mama mnene wa upande wa mume akasema, "Hii keki ni kama bibi harusi, haitaki kutoka kwao," na watu wakacheka vizuri tu. Lakini wewe hukucheka. Jikoni ulimwambia Wifi, "Hata kupaka sufuria? Kwenu Kisii hawafundishi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nanukia mandazi. Wifi aliangalia miguu yangu. Aliiangalia kwa muda, ikiwa inang'aa hivyo. Kisha akasema, "Nisamehe, Mama. Nilisahau."

Hajawahi kuniambia neno juu ya siku hiyo, na tangu hapo hukumwachia tena chakula cha wageni. Wageni wakija yeye yuko kwa mfereji na masufuria. Zamani alikuwa anaimba nyimbo za kwao akikanda unga. Siku niliyoondoka nilijaribu kukumbuka lini nilimsikia mara ya mwisho, nikashindwa.

Kaka ameniambia mnaagiza keki ya harusi ya Dada huko Litein, eti nyumbani hakuna anayeweza. Mama, yupo. Mpe Wifi aoke. Nitakuja kabla ya harusi nimpakie sufuria, na yeye aikague dirishani kabla ya kumimina. Ukiwa na hasira, niwekee mimi. Mimi ndiye nitakuwa kwa mfereji siku hiyo.

Nisalimie Baba, mwambie avae ile sweta. Msalimie Kogo, nyanya yetu, na umwambie sijasahau kuomba kabla ya kulala. Msalimie Kaka, ambaye alikula ile nusu ya sufuriani na kusema ni tamu, na Dada Chelangat, bibi harusi wetu. Na yule jirani tunayechuma naye chai mwambie kikapu chake kiko nyuma ya choo, niliazima.

Wifi, hukuwa na haja ya kunificha, na ulinificha. Nisamehe. Mama, kama sauti yake imekwama hapa, usimharakishe. Na kama hujasikia habari ya mafuta na miguu yangu, mwambie arudi juu asome tena, kwa sababu atakuwa ameruka.

Ni mimi binti yako,
Chepkirui