Nafasi Tupu Kwenye Msalaba Wako

Mpendwa mke wangu, Mama Ngoie,

Tangu tukuzike mpaka jana, ubao wa msalaba wako ulilala juu ya meza yetu, umepakwa rangi nyeupe, haujaandikwa. Tumeandika pamoja vibao vya maduka mengi hapa Kamina. Kwa huu mmoja mkono ulikuwa mzito.

Nakumbuka mwanzo wetu. Mimi mwalimu wa kuchora, nikitoka shule naandika vibao. Wewe unanichanganyia rangi na kuniuliza. Nilikueleza kwamba ukingo ni ile sehemu tunayoiacha pembeni ili maneno yasigonge mwisho wa ubao. Kwamba rangi zinapaswa kutofautiana: herufi nyeusi juu ya nyeupe inasomeka, ya njano inapotea. Kwamba jambo kuu huandikwa kubwa na mengine madogo, ili jicho lijue pa kuanzia. Ukacheka: "Kumbe hata maandiko iko na bakubwa babo!"

Lakini nafasi tupu uliielewa kuliko mimi niliyekufundisha. Mke mmoja wa askari wa Base, ile kambi ya jeshi, alitaka kibao chake kijae: mikate, sabuni, mafuta, samaki wa chumvi, mpaka cheo cha mume wake. Nilikwisha kuanza kubana herufi. Ukamwambia, "Mama, bantu bengi bakisema mara moja, utasikia nani? Acha mikate iseme."

"Ubao ni ya miye, na weye unaniachia nusu bule!"

"Ile nusu ndjo itafanya bakuone."

Aliondoka akinung'unika, lakini kibao alikitundika.

Sasa unajua desturi yetu: msalaba ni wa ukoo mzima, kila upande unaleta neno lake. Watu wa kanisa wanataka mstari wa Biblia na jina lako la ubatizo, lile ambalo serikali ilituondolea kwenye karatasi ilipokataza majina ya Kizungu. Ndugu zangu wanataka jina langu. Kaka yako Banza amefika kwa treni kutoka Kaniama na jina la baba yenu, la babu, na la kijiji. Nikiwakatalia, watasema nimekutenga na watu wako. Nikiwakubalia, wewe utapotea humo ndani.

Jana niliandika jina lako katikati, kubwa, jeusi. Banza alisimama nyuma yangu, akaniita mwananchi kama mtu wa serikali, si shemeji.

"Sitwayen mwalimu, unamuzika kama mutu asiye na baba?"

"Mulamu, ya baba nitaiandika chini, kadogo."

"Na babu?"

Nilimpa penseli. "Onyesha pahali yake."

Aliinama juu ya ubao. Aliweka penseli juu ya jina lako, akaiondoa. Akajaribu pembeni, akaiondoa tena.

"Acha," akasema. "Nikiweka babu hapa, nitamufunika mutoto wa mama yangu."

Nikaandika la baba yenu chini, dogo, tukakaa pale, mimi na yeye, mpaka rangi ikakauka.

Nyumba ni kubwa mno siku hizi. Nachanganya rangi mwenyewe na kila mara nazidisha mafuta. Kesho tutausimika msalaba, na watu wa kanisa watauliza maneno mengine yako wapi. Nitawajibu, ingawa kujibu watu ilikuwa kazi yako, na uliifanya vizuri kuliko mimi.

Pumzika, Ngoie. Hakuna anayekubana sasa.

Mume wako