Ati Nipumzike

Jumatano, 12 Novemba
Nimechuma chai tangu asubuhi na jirani yangu Moraa, kama kawaida. Mvua. Mgongo wauma. Jioni nimekata picha za safina za darasa la watoto, Sabato ijayo. Gundi imeisha, nimebandika kwa uji wa ngano. Kesho kamati ya uteuzi inakaa kupanga watakaohudumu kanisani mwakani. Moraa yumo. Sina wasiwasi. Nani mwingine anawataka wale watoto? Mshahara hakuna, kelele tu.

Sabato, 15 Novemba
Majina yamesomwa. Mwalimu wa watoto: Moraa.
Nilidhani mzee wa kanisa ameruka mstari. Wapi! Jina langu halimo popote, hata kwa wafagiaji. Moraa alikaa mbele yangu. Hakugeuka.

Jumapili, 16 Novemba
Nimemwendea mzee wa kanisa. Akasema kwa upole, "Mwalimu, tuliambiwa umechoka. Ulisema mwenyewe." Ati nipumzike! Kwani niliomba likizo?
Nilisema, kweli. Mwezi uliopita, tukichuma, kichwa kikinigonga: hawa watoto wataniua. Nilimwambia Moraa tu. Mama gani hajasema hivyo? Na mimi sikujaliwa wangu. Hao wa darasani ndio nilio nao. Moraa anajua. Ndiye aliyenishika mkono mimba yangu ya mwisho ilipotoka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimemkabili Moraa shambani. "Nilikuhurumia, dada yangu." Huruma gani, unanivua leso ukajifunga wewe? Nilimwambia hivyo hivyo, wachumaji wote wakisikia. Akalia. Nikafurahi. Nimehamia mistari ya juu, nachuma peke yangu.

Sabato, 22 Novemba
Majina yamesomwa mara ya pili. Wanaokubali wainue mikono. Mume wangu akainua. Nyumbani ananiambia eti aliona wote wameinua. Sijampikia.

Alhamisi, 25 Desemba
Moraa amemtuma binti yake na ndizi. Nimezirudisha.

Sabato, 3 Januari
Nimekaa na watu wazima. Somo sikulisikia. Ukuta ni mabati, na watoto walikuwa upande wa pili, wakiimba wimbo mpya ambao sikuwafundisha mimi. Nilitega sikio. Nilitamani wakosee, hata neno moja.
Waliimba vizuri sana.